Waya wa spidi kwenye Canter ya mjomba: usinitajie rangi

Muulize fundi umeme wa magari hapa Tanga waya wa spidi wa lori uko wapi, atakutajia rangi. Mmoja aliniapia kuwa ni zambarau yenye mstari mweupe, "gari zote za Mjapani." Mwenzake wa kibanda hicho hicho akasema kijani. Wa tatu, mtu mzima ninayemheshimu, hakuinua hata macho kwenye alternata aliyokuwa anaifungua: "Tafuta pinki, mwanangu. Pinki haikosei." Pinki ipo kweli, lakini ni ule waya unaoning'inia nyuma ya redio nyingi za kisasa ukisubiri kupewa spidi ya gari. Ni waya wa redio. Gari lenyewe halina habari nao.

Canter ya mjomba hubeba machungwa ya Muheza, na msimu ukikatika hubeba chochote: saruji, mbao, hata vyombo vya harusi. Kilio cha mjomba kilikuwa faini. Lori la zaidi ya tani tatu na nusu halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ya watu 50, na makaratasi ya 30,000 yalikuwa yanamfuata huku dereva akiapa kwamba mshale haukuvuka 80. Shikeni hilo la mshale, nitalirudia. Nikamwahidi kisanduku chenye kioo kidogo cha kuonyesha spidi, kipige kelele ikifika 78, na kihesabu kilomita za kubadilisha oili. Moyoni nilikuwa na langu pia: redio ijipunguze sauti yenyewe gari likisimama, maana dereva wetu huingia mtaani saa tano usiku na taarabu iliyofunguliwa mpaka mwisho.

"Mjomba, hicho kidude kitapiga kelele kwa dereva au kwangu?" akauliza.

"Kwa dereva, mjomba."

"Basi fanya."

Kila mtu alinishauri GPS. Ni rahisi, unanunua moduli, unaibandika kwenye dashibodi, kwisha. Barabarani haina shida. Lakini paki chini ya mwembe au chini ya banda la bati uone: gari limezimwa, kioo kinasema linatembea kilomita tatu, mara nne, mara sifuri. Kwa kengele ya 78 haidhuru. Kwa redio ni balaa, sauti inapanda na kushuka kama mtu anachezea kitufe. Nikaitoa.

Ndipo akaja fundi mmoja na ushauri wake wa sumaku, na hapa naomba nisimulie kwa nafasi. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Shafti ya propela inazunguka kadiri gari linavyokwenda. Funga sumaku kwenye shafti, weka pembeni ile swichi ya kioo yenye vijivyuma viwili ndani, kila sumaku ikipita vijivyuma vinagusana, unahesabu. Sumaku tukazitoa kwenye spika mbovu. Akazifunga mwenyewe kwa bendi za chuma za mpira wa rejeta, mbili zikitazamana ili shafti isiyumbe, akapiga kwa bisibisi, akasema, "Hii utazeeka nayo."

Sasa fanya hesabu ambayo fundi hakuifanya. Kwenye 80, shafti ya lori dogo kama hili inazunguka karibu mara 3,000 kwa dakika. Vile vijivyuma haviwezi kutulia: vikigusana vinadunda, mguso mmoja unakuwa miwili, mitatu. Kutoka Kange hadi Pongwe kioo kilisoma 160, kikasoma 40, kikasoma 212. Dereva akafurahi sana, akampigia mwenzake simu kumwambia Canter yake inakimbia kuliko basi la Dar. Tulipopita Pongwe, kwenye kipande kilichonyooka, bendi moja ikaachia. Sumaku ikaruka na kugonga tangi la dizeli, *ngwaa!*, mlio ambao dereva yeyote anaujua maana yake ni propela imekatika. Akakanyaga breki. Tandiboi aliyekuwa juu ya matenga hakungoja gari lisimame, alishuka na tenga moja, machungwa yakatangulia barabarani na yeye nyuma yake. Hakuumia, ila mpaka leo akiniona na bisibisi anashuka kwenye gari kwanza ndipo anasalimia. Sumaku ya pili tuliikuta bado iko kwenye shafti, imevaa ndevu za vumbi la chuma.

Na wakati wote huo jibu lilikuwa nyuma ya dashibodi. Canter hii si ile ya zamani yenye kebo ya kuzunguka. Kwenye mkia wa gia boksi kuna sensa, inapeleka mapigo ya umeme kwenye spidomita kwa waya mmoja. Lori linajua spidi yake, na linaisema saa zote. Kazi ni kuupata huo waya na kuusikiliza bila kumziba mdomo anayesema.

Taa ya kupimia, ile ya balbu na sindano, iacheni sandukuni. Balbu ya wati tano kwenye volti 24 inavuta ampea 0.2, na sensa ya aina hii imetengenezwa kwa miliampea chache. Utaipata spidi mara moja, ya mwisho. Hata mita itakuchanganya: gari likitembea mapigo yanapanda na kushuka haraka, mita inakupa wastani, unaona volti mbili na nusu, unadhani ni waya mbovu.

Nilichofanya mimi, na hili najisifu kwa sababu sikufundishwa na mtu, ni kutengeneza kichungulio ndani ya kiberiti. Transista moja ya BC547, mguu wake wa kati umepitia resista ya kilo-omu 100 kwenda kwenye pini ya kuchungulia, taa ndogo ya LED nyekundu na resista yake ya kilo-omu 1, betri ya volti 9, na waya wa pembeni wa kuunga kwenye bodi ya gari. Kinachovutwa kwenye waya wa gari ni umeme mdogo mno, gari halihisi chochote. Waya ukiwa na volti, LED inawaka. Ukishuka chini, inazima.

Halafu ujanja wenyewe: swichi iwe on, injini izimwe, gari lisukumwe. Fikiria kidogo utaona utamu wake. Injini ikiwa imezimwa, waya wa rpm, yaani wa mizunguko ya injini, hauna la kusema. Waya za taa, breki, hita, zote zimetulia, ama zinawaka moja kwa moja ama hazina kitu. Waya mmoja tu ndani ya mzigo mzima wa nyaya utapepesa kwa sababu tairi zinazunguka. Hakuna haja ya kujua rangi. Hakuna haja ya kitabu.

Tulifanyia Muheza, kwenye uwanja wa kupakia, ambako kuna kamteremko. Gari tupu, gia huru, jiwe mkononi mwa tandiboi tayari kwa tairi la nyuma. Mimi nimelala kichwa chini miguuni pa dereva, spidomita nimeitoa skrubu na kuivuta mbele, nachoma pini nyuma ya plagi waya mmoja mmoja, kwa nyuma, siyo kwa kutoboa mpira wa waya. Kila nikisema "twende," vijana wa kupakia wanasukuma kama mita moja, jiwe linawekwa. Waya wa kwanza, kimya. Mwingine, LED imewaka imeganda. Vijana wakaanza kuuliza kama kuna chai. Nikagusa waya wa njano wenye mstari mwembamba mweusi, gari likasogea, na LED ikapepesa, tip tip tip tip tip, karibu mara tano kwa ile mita moja. Gari likasimama, ikaganda. Likarudishwa nyuma, ikapepesa tena. Njano na nyeusi, jamani. Wala siyo pinki. Na usiende kuitafuta hiyo njano kwenye gari lako, maana mwaka mwingine wa Canter hiyo hiyo unaweza kukuta rangi nyingine.

Kuunga: menya mpira kidogo bila kukata nyuzi, zungushia waya wako, lehemu, tepu. Vile vibanio vya plastiki vya kung'ata waya vinafaa Ulaya. Kwa chumvi ya hewa ya Tanga vinaota kutu ya kijani kabla hujamaliza kulipa madeni. Na usishuke kuunga kule kwenye gia boksi eti kwa sababu waya unaonekana. Huko ni tope na oili. Waya za ABS, zile za breki zisizofunga tairi, kwenye magurudumu nazo usiziguse kabisa, ile ishara ni ndogo na breki hazina utani.

Mtandaoni wanapenda optokapla, kidude kinachopitisha ishara kwa mwanga, wanakwambia ndiyo salama. Niliiweka. Mshale wa mjomba ukaanza kutetemeka, kisha ukalala kwenye sifuri. Sababu ni kwamba sensa hizi hazitoi umeme, zinavuta tu waya chini; kinachoupandisha ni resista iliyomo ndani ya spidomita, nayo ni dhaifu. LED ya ndani ya optokapla inataka miliampea kadhaa, waya hauwezi kuzitoa, mapigo yanakufa kabla ya kufika kwenye mshale. Nikarudi kwenye transista yangu na kilo-omu 100, ile ile ya kwenye kiberiti, mshale ukasimama sawasawa. Toka kwenye transista mapigo yanaingia ESP32, kompyuta ndogo ya kisanduku.

Umeme wa kisanduku sitauzungumza sana. Lori hili ni volti 24, likichaji zinakaribia 28 au 29, na ile 7805 ya kushusha volti waliyozoea watu itakaanga yai. Badala yake weka moduli ya LM2596, fyuzi ya ampea 1 mbele yake, na diodi ya kuzuia mrusho wa alternata. Vitu vyote viliagizwa Kariakoo vikaja na basi, na jumla haikufika laki, ukiondoa chai za vijana wa Muheza, ambazo ukizihesabu zinaumiza.

Sasa mshale. Magari ya Kijapani yana kanuni ya zamani, tangu enzi za kebo: mzunguko 637 kwa kila kilomita. Sensa za umeme zilifuata namba hiyo hiyo, zikatoa mapigo 4 kwa mzunguko kwenye magari madogo mengi, na kwenye malori utakuta 8, na mengine makubwa 25. Nane mara 637 ni 5,096 kwa kilomita, sawa kabisa na yale mapigo matano kwa mita niliyoyaona. Nikaandika 5,096 kwenye programu, nikafurahi, tukaenda kupima kwenye nguzo za kilomita kati ya Pongwe na Muheza.

Nguzo hadi nguzo kikawa kinanipa kama 4,900. Tena na tena. Niliikagua programu mstari kwa mstari, haina kosa. Jioni nimekaa kwenye jiwe natazama gari, nikaona maandishi ya tairi: 7.50-16. Nikamuuliza mjomba Canter ilikuja na tairi gani. "Zilikuwa 7.00, mjomba, nikaweka kubwa zibebe vizuri." Hapo hapo. Tairi kubwa linatembea mbali zaidi kwa kila mzunguko, kama asilimia nne hivi, kwa hiyo mapigo kwa kilomita yanapungua. Spidomita haijui kuwa viatu vimebadilishwa. Dereva akishika 80 kwenye mshale, gari liko 83. Yule mtu alikuwa anasema kweli muda wote, na kila karatasi ya faini alikuwa anakatwa kwenye posho. Mjomba amemrudishia sehemu. Sehemu, siyo yote, mjomba ni mjomba.

Kwa hiyo kwenye programu yangu: hesabu mapigo ya sekunde moja, zidisha 3,600, gawa kwa 4,900. Ukibadilisha tairi, rudi kwenye nguzo upime upya, usiniulize namba yangu. Redio nayo inatii. Gari likishuka chini ya kilomita tano, taarabu inanong'ona. Dereva kwanza alidhani spika zimekufa.

Sasa kuna mwenye Scania ananitaka nimfanyie hivyo hivyo. Nimemwambia sensa yake sigusi. Lori lile lina takografu, kifaa kinachorekodi spidi na safari, na kati ya takografu na sensa kuna lakiri. Ukiingiza waya wako pale kifaa kinaandika hitilafu na mwenye gari anaonekana mwizi wa kilomita. Kwake nitasoma spidi kwenye nyaya za CAN, zile ambazo kompyuta za gari huzungumzia, kilobiti 250 kwa sekunde, ujumbe namba 65265, ambako spidi ya gurudumu imewekwa tayari, kila kipimo kimoja ni sehemu moja ya 256 ya kilomita kwa saa. Na huko nitakaa kusikiliza tu, sitatuma chochote. Moduli iko njiani kutoka Dar, na mwenye Scania ameshaanza kunipigia simu asubuhi na jioni kuniuliza waya wa CAN ni rangi gani.