Ndoo nne kando ya kisima: nilivyopambana na kipindupindu mtaani kwetu

Kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam Agosti 2015, nilikuwa na miezi minne tu kazini, Afisa Afya wa kata. Mtaa wetu wa bondeni kilitufikia Novemba, mvua za vuli zimeshaanza. Wanaokaa mabondeni wanajua: mvua kubwa ikinyesha usiku, kuna watu wanatapisha vyoo, na asubuhi watoto wanaruka madimbwi yale yale wakienda shule.

Siku ya kwanza wagonjwa watatu, ya pili watano. Simu zikawa hazikatiki, na kila aliyepiga alishaamua chanzo ni mama lishe. Nami nikakubali bila kupima chochote. Siku ya tatu alfajiri nikaongozana na mgambo wawili, nikafunga vibanda saba. Mama mmoja alishabandika maharage tangu saa kumi usiku. Akaniuliza taratibu tu, "Bibi afya, haya maharage nikamwage wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 ilikuwa upande wangu na kitabu cha notisi nilikuwa nacho mkononi. Lakini maharage yalikuwa yanatokota, na vimelea vya kipindupindu havihimili chakula kinachotokota na kuliwa kingali cha moto. Nilikuwa nalijua hilo tangu chuoni. Siku ile niliogopa simu kuliko nilivyoamini nilichosoma, na mpaka leo linaniuma.

Siku nne vibanda vimefungwa, wagonjwa wanazidi. Ndipo nikaenda kwenye kambi ya matibabu ya kipindupindu kukaa na ndugu wa wagonjwa, mmoja mmoja. Vimelea vikishaingia mwilini, dalili huanza baada ya saa chache hadi siku tano, kwa hiyo niliuliza habari za siku tano za nyuma: alikula wapi, alikwenda msiba gani au shughuli gani, maji ya kunywa mnachota wapi. Wakati ule walikuwa wamefika 14. Sita hawakuwa wamegusa chakula cha kibandani, na wawili kati ya hao ni watoto wa chini ya miaka mitatu. Lakini 12 walikuwa wanakunywa maji ya kisima kimoja.

Kisima chenyewe ni kifupi, kimejengewa mdomo wa tofali, mfuniko ni bati lililokatwa. Kamba na ndoo ya kuchotea vinalala chini kwenye tope. Nikavuta utepe hadi choo cha jirani: mita 11, tena choo kiko juu, kisima kiko chini. Tulifundishwa umbali usipungue mita 30.

Mwenye kisima, bibi wa makamo anayeuza ndoo shilingi mia, alinitazama mpaka nikamaliza kuukunja utepe. "Mwanangu, kisima hiki kimenisomeshea watoto watatu. Leo umekuja kunipimia njaa?"

Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Sijaja kukifunga. Kikifungwa, watu watachota mtaroni. Naomba tukae hapa wote."

Jioni ile tukamwaga klorini, dawa ya kuua vimelea vya maji, kisimani. Asubuhi nilipopima hapakuwa na klorini hata kidogo. Watu walikuwa wameshachota tangu alfajiri, maji mapya yameingia kutoka ardhini, na tope la chini limekula dawa yote. Kisima cha namna ile ukikitia dawa usiku, mchana umebaki na imani tu. Dawa inatakiwa iwe ndani ya ndoo ya mchotaji.

Basi tukapanga ndoo nne za lita 20, zote maji ya kisima hicho. Nilikuwa nimechanganya klorini ya unga ya asilimia 70, gramu 15 kwa lita moja ya maji, ikatoa dawa ya nguvu ya asilimia moja. Kwa bomba la sindano nikatia mililita 2 ndoo ya kwanza, 4 ya pili, 6 ya tatu, 8 ya nne. Tukakoroga, tukafunika, tukasubiri dakika 30. Watu walishajaa. Nikachota kidogo kila ndoo kwenye kichupa cha kipimo na kutia kidonge kinachogeuza maji kuwa pinki yakiwa bado na klorini. Ndoo ya kwanza maji yakabaki meupe. Ya pili yakapata wekundu wa kubahatisha. Ya tatu yakawa pinki, nikalinganisha na rangi za kwenye kipimo: miligramu 0.5 za klorini kwa lita, ndicho tulichokitaka. Ya nne ilikoza, na bibi alipoionja akakunja uso. "Hii hawatainywa. Tumia ile ya tatu." Akaamua yeye, na aliamua sawasawa.

Kuanzia saa kumi na moja alfajiri mjukuu wake alikaa pale na sindano, mililita 6 kila ndoo, mchotaji asiondoke bila dawa. Bure.

Nilidhani tumemaliza. Siku ya pili nikazunguka na balozi wa nyumba kumi kupima maji majumbani. Nyumba ya kwanza, sifuri. Ya pili, sifuri. Ya tatu nikamwomba mama mwenye nyumba anionyeshe anakoyamimina. Lilikuwa pipa la plastiki. Nikapitisha kidole ndani, utelezi mtupu. Mtoto akaja na kikombe, mkono ukazama mpaka kiwiko. Dawa ilikuwa inaishia humo. Wahudumu wa afya wa mtaa wakashika kazi ya mapipa, nyumba kwa nyumba: kusugua, kusuuza kwa maji yenye dawa, kufunika, na kuchota kwa kata yenye mpini mrefu. Baada ya hapo nyumba nyingi zikaanza kusoma miligramu 0.2 kwa lita na zaidi. Wiki ya pili wagonjwa wapya wakashuka hadi wawili, na wiki iliyofuata hakupatikana hata mmoja.

Vibanda nilivifungua mwenyewe, nikipita kwa kila mmoja kuomba radhi. Masharti yalibaki: chakula cha moto, kachumbari isiwepo kwa sasa, ndoo yenye koki na sabuni mbele ya meza, maji yapimwe. Mama wa maharage alinisikiliza akiwa anakuna nazi. Akasema, "Pima na ya kwangu basi." Nikapima. Yalikuwa pinki, alikuwa anachota kwa bibi tangu sindano ilipoanza.

Desemba 9, Rais Magufuli alipoigeuza siku ya Uhuru kuwa siku ya usafi nchi nzima, vijana wa mtaa walizibua mtaro ule wa nyuma ya kisima. Choo cha jirani kilichukua miezi mitano na notisi mbili mpaka kikahamishwa. Bibi alinipigia simu siku kinafukiwa, akitaka nije na utepe.