Kasa Aliyekuwa na Namba

Likizo ile ya Agosti kusi lilikuwa bado kali, na wavuvi wengi wa kwetu walikuwa wamejificha ndani ya Mida, hori iliyo karibu na Watamu, pwani ya Kenya, nyuma ya mikoko. Baba na ami walitega jarife, yaani wavu mkubwa, usiku. Alfajiri walipolivuta lilikuwa zito, ami akaanza kuimba, hadi kichwa cha kasa kilipochomoza kutafuta pumzi. Akanyamaza. Jarife lenyewe lilikuwa limetoboka mahali ambapo mtu angepitisha mwili mzima.

Walimfunga kamba wakamleta bandarini. Mimi ndiye niliyetumwa kummwagia maji mgongoni na kumfunika kwa gunia bichi.

Hatujanywa chai, mtu wa mafuta kashafika na pikipiki yake. Namwita hivyo kwa sababu hakuna aliyemwita kwa jina. Pwani yetu mafuta ya kasa yanasifiwa kwa pumu, kwa mgongo, kwa nguvu za kiume, kwa kila kitu ambacho daktari hakukimaliza, na nyama yake huuzwa kwa siri ndani ya mifuko myeusi. Akamtazama kasa, akataja bei. Ilitosha kumaliza deni langu la karo na kubakisha pesa za nyuzi. Ami akamgeukia baba: "Kaka, Mungu ametupa."

Baba akatoa simu akawapigia watu wa kasa.

Wengine Watamu huwaita hivyo hadi leo, ingawa jina lao ni Local Ocean Conservation. Tangu 1998 wana mpango wa wavuvi: kasa akinasa kwenye wavu wako, piga simu, watakuja kumchukua na watakufidia kidogo kwa muda wako na usumbufu. Ami aliona upuuzi mtupu kukataa noti zilizo mkononi kwa ajili ya kifuta jasho. Waligombana pale pale mbele ya mtu wa mafuta, naye akawasha sigara na kusubiri, kama mtu anayejua njaa itamwamulia kesi. Baba hakuhubiri. Alisema tu kwamba pesa za huyu ni za siku moja na jela ni ya miaka, na kwamba yeye ana watoto wa kulea.

Pikipiki iliondoka gari lao lilipoonekana kwenye mchanga.

Walishuka vijana wawili, mmoja wa Dabaso, baba yake alivua na baba yangu. Wakapima gamba kwa utepe, wakachungulia mdomoni kama kuna ndoana, wakamkagua shingoni na kwapani kama ana uvimbe. Walipofuta ukoga kwenye pezi la mbele kikatokea kibati chenye namba. Kijana akaisoma kwa simu, akacheka. Kasa yule alishawahi kunaswa kwenye uzio wa kutegea samaki ng'ambo ya pili ya Mida, akaachiliwa kwenye hifadhi ya baharini.

"Kwa hiyo ameshalipiwa mara mbili," akasema baba huku akitia saini.

Ami aliuliza kwa nini basi wasilipe bei ya yule wa pikipiki, kila mtu awaletee. Kijana akamjibu kwamba hapo ndipo watu wangeanza kutega kasa makusudi ili wawauzie waokoaji. Sijasikia tangu hapo maelezo mafupi zaidi ya kwa nini fidia ile haipaswi kuwa bei. Sheria na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wanamtisha mnunuzi, sawa, lakini alfajiri ile hakukuwa na askari. Kulikuwa na namba ya simu na mtu aliyeipokea.

Ami alipanda gari lao kwenda Watamu, si kwa mapenzi ya kasa, alitaka lifti. Njiani, nikiwa nimekaa nyuma nimeshikilia gunia, nikamsikia akiuliza pesa hizi hutoka mfukoni mwa nani. Akaambiwa: kwa wafadhili, kwa wageni, na kwa watu walio mbali wanaochangia kwa kuasili kasa, yaani kumtunza kwa jina bila kumwona.

"Ala!" akasema ami. "Basi huyu ana baba yake Ulaya, na nyavu anazila za kwetu."

Walicheka wote. Kasa aliachiliwa mchana huo huo, akaingia majini bila hata kugeuka.

Kuhusu karo, baba alienda kuongea na mwalimu mkuu, akakubaliwa kulipa kidogo kidogo, nami nikaripoti nimechelewa wiki nzima. Mama hakufurahi na hakuficha. Mwaka uliofuata ami alinasa kasa mdogo wa aina ya ng'amba akiwa peke yake, akapiga simu mwenyewe, na kabla hawajamgusa akawauliza kama gari linapitia Gede, maana ana samaki wa kupeleka sokoni.