Filta yangu ilikula oda ya sofa

Mimi natengeneza viti pale Ngong Road na wateja wangu karibu wote ni wa simu ama WhatsApp, imeili ni ya wale wachache wanataka koteshen ya kuonyesha mzee wa nyumba. Kwa hivyo inboksi ilikuwa imejaa tu wauzaji wa sponji na vitambaa, OFA OFA OFA kila asubuhi, hadi siku moja nikachoka, nikaketi na laptopi, kwa programu ya imeili nikaandika filta, yaani sheria ya kuchuja imeili zinazoingia: kichwa cha imeili kikiwa na "ofa", futa. Nikajiona mjanja sana.

Wiki tatu baadaye mama mmoja wa Syokimau akanipigia. "Fundi, kwani oda yangu hukuiona? Nilikutumia na vipimo vya sebule." Nikamwambia hakuna kitu kimefika mama, labda ulikosea adresi. Akanisomea kichwa polepole kama mtu anasomea mtoto: Oda ya sofa ya watu saba.

Sofa. S, halafu ofa. Ile programu haiangalii neno zima, inatafuta tu herufi zikifuatana popote zilipo, na mimi biashara yangu yote ni sofa! Nikakimbia kwa takataka, tupu, juu mimi mwenyewe nilikuwa nimeweka tiki pa kumwaga takataka kila nikifunga programu. Mama alikuwa ashapata fundi mwingine, alinipigia tu ndio roho yake itulie.

Kosa ni langu, sawa. Lakini hata kijana wangu wa kazi hawezi kata mbao kabla anionyeshe laini ya penseli, mbona filta ikubaliwe kufuta kitu bila kuniuliza? Ningetaka kabla ya kuseivu inionyeshe imeili za zamani zenye ingeshika. Kwa Gmail unaeza fanya hivyo, ukitengeneza filta unabonyeza kutafuta kwanza unaona zote, na huko wanalinganisha neno zima so ofa haingeshika sofa.

Halafu filta mbili zikigongana, moja inasema weka na ingine inasema tupa, ya kuweka ndio ishinde. Hii si akili yangu, kuna lugha ya kuandika filta za kwa seva, ile kompyuta ya mbali inapokea imeili zako, inaitwa Sieve, iko kwa RFC 5228 ya 2008, hati ya kanuni za intaneti, na huko ukiamrisha kutupa na pia kuweka kwa folda, imeili inaenda kwa folda, ile ya kutupa inazuia tu isiachwe inboksi yenyewe. Na filta ikipata hitilafu katikati ya safari, imeili inabaki inboksi. Nilivyosoma hiyo nikasema huyu aliyeandika hivi ashawahi kupoteza oda.

Mpangilio nao ni shida ingine. Thunderbird, programu ya imeili ya kwa laptopi, inasoma filta kutoka juu kwenda chini na unaeza iambia isimame hapo, Gmail nayo haina cha juu wala chini, zote zinazolingana zinafanya kazi. Yoyote ni sawa bora mtu ajue yuko kwa gani. Na zile za kwa laptopi zinafanya kazi laptopi ikiwa imewaka tu, stima ikipotea hapa kwa banda simu inalia ofa kama kawaida.

Sasa filta yangu haifuti. Inahamisha tu kwa folda, na naipitia Ijumaa nikingoja vijana wamalize kufagia. Pia nimewasha logi, ile inaandika filta gani ilishika imeili gani na ikaifanya nini. Ilikuwa hapo siku zote, imezimwa. Mtu akiniambia kwa nini hiyo kitu huja ikiwa imezimwa nitamfanyia stuli ya bure.