Sindano ya kufunga hedhi kwenye joto la Mombasa

Daktari aliniwekea wazi mapema: goserelini, ndiyo sindano yenyewe, haimalizi fibroidi, ule uvimbe wa kwenye mfuko wa uzazi. Huzisinyaza tu, na ukiacha dawa hukua tena. Kwangu mimi kazi yake ilikuwa kuzuia damu ili hemoglobini, kile kinachobeba oksijeni kwenye damu, ipande kabla ya upasuaji. Ilikuwa 7, na hakuna aliyekubali kunipasua katika hali hiyo.

Dawa yenyewe ni kipande cha miligramu 3.6, kadiri ya punje ya mchele, kinachoingizwa chini ya ngozi ya tumbo kila baada ya siku 28. Sindano yake ni nene, kwa hiyo omba ganzi. Mwanzoni huichochea tezi iliyo chini ya ubongo, ndipo huizima na ovari zikaacha kutoa estrojeni, homoni ya kike. Ndiyo maana kwanza nilivuja zaidi. Nilikuwa nimeshaonywa, pedi za usiku zipo tayari.

Damu ikakatika, likaja joto. Mombasa, Februari, na juu yake moto mwingine unaopanda kutoka kifuani hadi utosini! Siku moja lilinishika kwenye foleni ya feri Likoni, ndani ya buibui, jasho likinitiririka mgongoni. Mama mmoja akanipepea kwa leso yake, hata hakuuliza. Nyumbani nikahamia kwenye dera za pamba, feni usiku kucha, na shuka la kubadilisha kando ya kitanda. Usingizi ulikuwa wa kuibia.

Vidonge vya madini ya chuma nilivimeza kwa maji ya machungwa na kuichelewesha chai, kwani chai huzuia chuma kuingia mwilini. Ramadhani ilipofika hemoglobini ilikuwa 10, daktari akaniruhusu kufunga. Nilifunga mwezi mzima bila siku ya kulipa, mara ya kwanza tangu nivunje ungo. Mamangu akaanza kunitazama tumbo.

“Mwanangu, una mimba na hujaniambia?”

Nilicheka hadi jasho likanitoka tena.

Nilipouliza kama naweza kuendelea nayo nikwepe kisu, daktari aliniambia ikipita miezi 6 mifupa hupungua nguvu, na wanaoitumia kwa muda mrefu hupewa pia homoni kidogo ya kurudishia. Nikachagua kisu. Nilipasuliwa baada ya Idi, hemoglobini 11, bila kuongezewa damu. Lile joto halikuondoka na fibroidi. Lilinisumbua wiki kadhaa zaidi, hadi hedhi iliporudi, nyepesi, ya siku chache.