Kapasita ya twita: namba kubwa siyo nguvu zaidi

Kuna ushauri ambao wenye magari ya Noah na Hiace wa Mbeya wanapewa kila siku, na unaniudhi: twita (spika ndogo ya sauti za juu) ikiungua, funga kapasita kubwa zaidi. Huko ni kuiua twita ya pili. Kazi ya kapasita ni kuzuia besi, na maikrofaradi zikiongezeka ndivyo besi inavyozidi kupenya. Twita ya omu 4 nikiifungia ya maikrofaradi 4.7, mpaka, yaani pale ambapo sauti za chini yake zinaanza kuzuiwa, unakaa kwenye hezi 8,500 hivi. Nikiweka 10, unashuka hadi 4,000. Ukiifungia 100 umefika 400, na koili yake yenye waya mwembamba kama unywele itakatika sauti ikipanda.

Hesabu ninayotumia: 159,155 gawanya kwa omu za spika, kisha gawanya kwa hezi unazotaka. Kwa omu 4 na hezi 5,000 inakuja kama 8, basi nafunga 8.2. Spika ya omu 8 inataka nusu yake. Ndiyo maana silishi twita mbili kwa kapasita moja: zikiungwa sambamba zinakuwa omu 2, ile 4.7 inapanda hadi hezi 17,000 na unabaki na mlio wa tss tu.

Twita inataka kapasita isiyo na chanya wala hasi, na hiyo ni ngumu kuipata Mwanjelwa, hapa Mbeya. Nyingi zina ule mstari wa hasi ubavuni. Hapa ndipo najivunia. Nachukua mbili zinazolingana, tuseme 10 za volti 50, nazichomelea hasi kwa hasi kwa risasi. Miguu miwili ya chanya inabaki nje: mmoja unaenda kwenye waya chanya wa redio, mwingine kwenye twita. Thamani inakuwa nusu, yaani 5, hezi 8,000, na twita ndogo za bei rahisi zinaipenda sana. Mbili za 22 zinatoa 11, hezi 3,600 hivi, hizo ni za twita imara. Dukani ni mia tano tano hivi, au bure kwenye bodi ya TV mbovu, mradi kichwa hakijavimba na umezipima kwa mita.

Usiziache zining'inie kwa miguu yake. Njia za mashimo za vijijini Rungwe zinaivunja pale pale kwenye risasi. Zifunge solatepu pamoja na waya, juu mlangoni, maana mvua ya huku inapita kwenye raba ya kioo na kushuka chini.

Waya hasi wa spika usiguse bodi ya gari kamwe. Redio nyingi zina volti kama 6 kwenye kila waya wa spika, na ukigusisha, IC (chipu ya kukuza sauti ndani ya redio) inaungua. Wufa (spika ya besi) nayo usiifungie kapasita sambamba ili kuipunguzia mlio mkali. Kapasita hiyo inabebesha mzigo ampu, yaani kikuza sauti; wufa inataka koili.

Kabla ya kuunga redio, weka mita ya omu kupitia kapasita na twita. Namba ipande haraka mpaka ipotee. Ikisimama kwenye 3 au 4, kapasita imeshoti, ibadilishe.