Kamba ya mita 30

Mwaka 2013 nilikuwa katibu wa kamati ya malisho ya kijiji chetu huko Mufindi, na nisidanganye, sikuchaguliwa kwa sababu najua ng'ombe, nilichaguliwa kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Tulitakiwa tuandike andiko la kuboresha bonde la malisho ili tuombe hela kwenye mradi mmoja uliokuwa unapita vijijini, na bonde lilikuwa limechoka kweli, ng'ombe wa kijiji kizima wanashuka kunywa sehemu moja, pale kwenye chemchemi pamekuwa tope tupu, kila kwato imeacha kishimo chake, vishimo vimejaa maji ya kahawia na viluwiluwi, na akina mama wanachota hapohapo, mtu anainama na kata yake anasubiri kwanza tope litulie.

Kikao cha kwanza mwenyekiti akasema andika miti elfu tano, wageni wanapenda miti. Mzee mmoja aliyechunga toka utoto akauliza, "Katibu, hiyo miti ng'ombe ndo watakunywa?" Tukacheka, lakini mimi nikaandika vilevile. Maandiko mengi yanaharibikia hapohapo, watu wanaandika anachopenda mwenye hela, sio kinachouma.

Bwana mifugo alivyokuja akasema miti subirini, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 toka ukingo wa mto ziachwe, hamna kulima, halafu msidhani hiki kijito ni chenu peke yenu, maji haya yanaingia mto Ruaha Mdogo, yanapita Iringa mjini, yanaenda mpaka Mtera kule kwenye bwawa la umeme. Basi tukashuka kupima. Tepu hatukuwa nayo, tukachukua kamba ya katani ya kufungia ng'ombe, mita 30, unavuta mara mbili. Mvuto wa kwanza ukameza vinyungu vya akina mama, yaani bustani za bondeni, mboga na yale mahindi mabichi ya kiangazi. Wa pili ukaishia katikati ya milingoti, yaani mikaratusi, ya baba yangu. Na baba mwenyewe kasimama palepale na panga lake, hasemi kitu, ananiangalia tu nilivyoshika ncha ya kamba. Nikapigilia kigingi.

Usiku ule hakuniongelesha. Mama ndo alisema, "Hata wewe mwanangu?"

Sasa kamati inapendekeza tu, mwenye kauli ni mkutano mkuu wa kijiji. Siku ilipofika baba akasimama, akasalimia kamwene, salamu yetu ya Kihehe, watu wakaitikia, akasema mimi sina neno na kamba ya vijana, nauliza tu, hiyo 60 mmeanzia maji ya sasa hivi au maji ya masika? Kimya. Maana tulipima Oktoba, kijito kimenywea, masika kinapanda mbali upande wa pili, na upande wa pili, kila mtu anajua, kulikuwa na kabichi za mwenyekiti. Mwenyekiti akakohoa, akaomba maji ya kunywa!

Tulibishana mpaka jua linazama. Nilikata mstari wa miti elfu tano kwa peni, mbele ya watu wote, ikabaki mivengi michache, miti yetu ya asili, ya kuzunguka chemchemi. Tukaandika uzio, bomba la kushusha maji kwenye mbauti, birika la kunyweshea ng'ombe, huko chini ili ng'ombe wasikanyage tena chanzo, na nusu ya bonde ipumzike masika yote majani yatoe mbegu. Ukingo ukawa wa masika. Vinyungu vihame, ila akina mama wavune kwanza. Kabichi nazo zilivunwa mapema sana mwaka ule, hamna aliyeuliza.

Hela ikaja, ikatosha bomba na mbauti tu, uzio tukajifungia wenyewe kwa miiba. Baba akakata milingoti yake kwa mkono wake, akauza nguzo, mimi nikajua yameisha. Kumbe mlingoti ukiukata haufi, mvua za kwanza tu visiki vyote vikachipua kama vimetukanwa, na toka hapo kila mwisho wa mwezi naamka asubuhi nakuta panga limeegeshwa mlangoni kwangu, limeshanolewa, na sauti ya baba kutoka uani, "Katibu, kazi yako hiyo."