Deni la magunia mawili lilipotelea kwenye HashMap

Jana nimelala saa nane usiku, na baridi hii ya Mbeya, kisa null moja tu, yaani programu kunijibu "hakuna kitu".

Naandika programu ndogo ya Java kwa ajili ya mama mdogo, anauza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa. Daftari la wadeni limechoka kabisa. Nikatumia HashMap, kama kabati la droo ndani ya Java, linalotunza vitu kwa jozi: ufunguo ni mteja, thamani ni deni lake. Naweka kwa put, sawa. Naita kwa get, jina lilelile, namba ileile ya simu... null. Yaani mzee wa Uyole aliyechukua magunia mawili hadaiwi!

Klasi ya Mteja, yaani muundo wa kumwelezea mteja kwa jina na simu, niliitunga mwenyewe bila equals (inayoamua kama vitu viwili ni sawa) wala hashCode (namba inayoelekeza kwenye droo), kwa hiyo Java iliona watu wawili, hata kama wamefanana kama mapacha. Nikaandika equals. Bado null! Kumbe HashMap huanza na hashCode ili ijue ichungulie droo ipi. Ikifungua droo siyo, equals haiulizwi kabisa. Nikaongeza hashCode, deni likajitokeza.

Asubuhi namsimulia mama mdogo kwa mbwembwe. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, si ungetumia namba ya simu tu?"

Nikanyamaza. Namba ya simu ningeiandika kama String, yaani maandishi ya kawaida ya Java, na String inakuja na equals na hashCode zake tayari. Nimefuta klasi nzima.

Ila kuna mke na mume wanatumia simu moja, na put ya pili inafuta deni la kwanza kimyakimya. Leo tena silali.